Kicheko Kilichochelewa

Bibi yangu alikuwa anachelewa kucheka. Sina maana kwamba alikuwa mzito wa kuelewa. Jaribu kumwambia Baba hivyo uone atakavyokutazama. Alielewa vizuri kabisa, ila kichekesho akikipokea alienda nacho kwanza mahali fulani peke yake. Watu mezani walicheka, wakapumua, mmoja akaomba chumvi, na ndipo Bibi alipoweka kijiko chini. Kwanza pumzi, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Kisha "hii, hii, hiii." Kisha mkono kifuani na, "Jamani, nyie watu mna nini?" Kwa kuwa alikuwa anacheka peke yake, wote walilazimika kucheka upya, safari hii wakimcheka yeye. Baba alizoea kusema, "Haya, behewa la mwisho limeingia stesheni."

Aliyekuwa akivileta vichekesho hivyo mezani ni Shangazi, dada yake Baba. Ndiye ninayetaka kumwandika hapa. Yeye ameandika watu wengi sana, na sijaona aliyemwandika yeye.

Kabla hajawa mwandishi wa televisheni, Shangazi alikuwa mpokea simu wa hospitali. Alikaa nyuma ya dirisha la kioo, waya sikioni, na sauti za watu asiowaona zikimpitia kichwani kutwa nzima. Anasema hapo ndipo alipojua kwamba watu hawasemi kile walichopiga simu kusema. Mtu anayetaka habari za mgonjwa ataanza na mvua. Mwingine atauliza kama vitanda vina mashuka. Kuna mwanamume alipiga kila alasiri kuuliza saa za kuwaona wagonjwa, na saa hizo alizijua kama jina lake, ila hakuthubutu kuuliza kama mkewe ameamka.

"Ukamwambiaje?" nilimuuliza.

"Nikamwambia saa za kuwaona wagonjwa," alisema Shangazi. "Halafu nikamwambia na kwamba mkewe amekunywa chai."

Jioni alirudi nyumbani na kumkuta Bibi akipiga pasi. Alisimama pale mlangoni, mkoba bado begani, akaigiza simu zote za siku: mzee anayepiga kelele kwa sababu anadhani hospitali iko mbali, dada anayebishana na muuguzi ambaye hayupo. Bibi alipiga pasi kimya. Shangazi akamaliza, akavua viatu, akaenda kunywa maji, na glasi ikiwa mdomoni ndipo kutoka kwenye meza ya pasi ilipoanza, "hii, hii, hiii." Baba anadai mashati yake kadhaa ya shule yaliungulia hapo.

Hivyo Shangazi alijifunza kungoja kabla hajajifunza kuandika. Kituo cha televisheni kilipotangaza kwamba kinatafuta watu wa kuandika vichekesho, hakujua hata karatasi za kazi hiyo zinapangwaje. Alikwenda na mazungumzo ya watu wawili wanaogombania bafu, ameyaandika upande wa nyuma wa fomu za hospitali zilizoharibika.

"Uandishi umesomea wapi?" wakamuuliza.

"Kwenye simu."

"Kwa njia ya posta?"

"Hapana, kwenye simu. Za watu wengine."

Wakamchukua. Sijui kama ni kwa sababu ya bafu au kwa sababu ya jibu.

Bafu lile likawa kipindi, na kipindi kikaitwa "Foleni ya Bafu". Nyumba ya wapangaji wengi, bafu moja, na kila asubuhi foleni ya watu wenye ndoo, sabuni na maneno. Wa mbele kabisa, na asiyeingia kamwe, ni mjane mmoja mwenye taulo begani anayeitwa Mama Taulo. Kila mara akikaribia mlango hukumbuka kitu, au humpisha mtu, au hugombana hadi zamu yake ipite. Na kila kipindi lazima aseme neno lake: "Mwanangu amesema atapiga simu." Mwanawe huyo hajawahi kupiga. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naanguka chini kwa kicheko nikisikia hivyo. Mwigizaji mwenyewe, ambaye hana mtoto wala hajaolewa, siku hizi anaitwa Mama Taulo hata na daktari wake.

Studio yenyewe ni ghala la zamani ambalo ndani yake imejengwa nyumba isiyo na paa. Siku ya kwanza kuingia nilidhani bado nimelala. Ukumbi wa wapangaji ulikuwa uleule ninaoujua, rangi yake ya kijani imebanduka palepale inapobanduka kwenye televisheni, lakini nilipoinua macho niliona nyaya na taa zikining'inia gizani. Dirisha la Mama Taulo lina jua lake binafsi, taa kubwa iliyofunikwa karatasi ya manjano, na vumbi huelea ndani ya mwanga ule polepole kana kwamba nalo limepewa maelekezo. Na ule mlango wa bafu, ambao watu wote hao wameusubiri, nikaufungua. Nyuma yake kuna ukuta wa mbao, kopo la rangi na koti la fundi umeme. Bafu hakuna. Halijawahi kuwepo. Watu wamepanga foleni miaka yote hiyo kwa ajili ya koti.

Msimu wa kwanza walirekodi mbele ya watazamaji. Walialikwa majirani, ndugu, wafanyakazi wa ofisi za karibu, yeyote ambaye Jumamosi yake ilikuwa wazi. Bibi alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kupanda treni. Juu ya vichwa vyao fundi wa sauti alitundika maikrofoni. Fundi huyu wote humwita Masikio, si kwa ukubwa wa masikio yake, ambayo ni ya kawaida tu, bali kwa sababu anaweza kukwambia jokofu gani mtaani linakaribia kuharibika.

Kichekesho cha kwanza kikatoka. Watu wakacheka. Mwigizaji akaanza sentensi inayofuata, na katikati yake ikaingia "hii, hii, hiii."

"Kata!" mwongozaji akapiga kelele. "Nani huyo? Mama, tafadhali, cheka na wenzako!"

"Nacheka nikifika, mwanangu," Bibi akamjibu. "Kwani wao wana haraka ya nini?"

Wanasema ukumbi ulicheka hapo kuliko walivyocheka kipindi kizima. Na sauti ya Masikio ikatoka kwenye spika ya chumba chake: "Mwacheni huyo mama. Hao wengine wanacheka kwa adabu. Yeye anacheka."

Misimu iliyofuata watazamaji hawakualikwa tena, maana walikohoa, walichelewa, walileta watoto. Masikio alibaki na vicheko vyao. Aliviita vicheko vya akiba: kuna kidogo cha puani, kuna cha kushtukiza, na kuna kikubwa. Kila kipindi kilipokamilika alikaa navyo, akaviweka mahali pake. Na kwenye kile kikubwa, mwishoni kabisa, wote wakishanyamaza, Bibi yumo.

Bibi alifariki nikiwa bado sijui kusoma vizuri. Nakumbuka viti vya kuazima vimejaa sebuleni na watu wazima wakiongea kwa sauti za chini. Mtu aliwasha televisheni apate taarifa ya habari, akasahau kuizima. Shangazi alikuwa anapita na sinia la vikombe. Nyuma yake, kwenye kioo, Mama Taulo akasema mwanawe atapiga simu, watu wa akiba wakacheka, wakanyamaza. Halafu, "hii, hii, hiii. Jamani."

Vikombe vilitikisika lakini havikuanguka. Baba alitoka nje. Mama akawa anaitafuta rimoti chini ya matakia.

"Wifi, usizime," Shangazi alisema. "Bado anacheka."

Tangu siku hiyo ndivyo alivyoandika. Nimemwona mara nyingi jikoni kwake, kwa sababu hawezi kuandika amekaa. Anatembea kati ya sinki na dirisha akiyasema maneno ya wapangaji wote kwa sauti zao. Akifika kwenye kichekesho anasimama. Anaweka kiganja juu ya meza, anainamisha kichwa kidogo upande, na anangoja. Maji yanachemka, mtaani mtu anamwita mtu, yeye anangoja tu. Kisha anatabasamu, na anaandika kile ambacho mwigizaji atakifanya wakati huo wa kungoja: akunje taulo, autazame mlango, ahesabu sabuni zake. Gazeti moja lilimsifu kwamba vipindi vyake vina "ukimya wa kipekee". Baba alilikata lile gazeti akalibandika kwenye friji.

"Ukimya gani," alisema. "Huyo ni Mama."

Kisha akaja Bosi mpya wa vipindi. Alikuwa kijana, suti nyembamba, sauti ya upole, na upole huo ulifanya iwe vigumu kumchukia. Alimfuata Shangazi kwenye ukumbi wa wapangaji na kukaa naye kwenye ngazi isiyokwenda popote.

"Dada, nimekua na kipindi chako," alisema. "Ila siku hizi watu hawataki kuonyeshwa pa kucheka."

"Hawaonyeshwi. Wanasindikizwa."

"Basi tuwaache watembee peke yao kidogo." Akaeleza anachotaka: nyumba ileile, watu walewale, lakini sasa iwe tamthilia. Nyumba inauzwa, wapangaji wanatakiwa kuhama. "Na bila vicheko."

"Bila kabisa?"

"Kabisa. Vile vya akiba vimezeeka, Dada. Vinasikika kama vya watu waliokufa."

Masikio alikuwa hapo karibu anakunja waya. Waya ukamponyoka.

"Baadhi yao ndiyo wamekufa," Shangazi alisema, bila hasira.

Bosi alipoelezwa aliomba radhi mpaka ikawa Shangazi ndiye anayembembeleza. Lakini uamuzi ulibaki palepale. Shangazi akikubali, Bibi anaondoka hewani. Akikataa, ataitwa mwandishi mwingine na Bibi ataondoka vilevile, ila watu wa ile nyumba nao watakuwa mikononi mwa mgeni.

"Nitakupa nakala," Masikio alimwambia. "Uwe nayo nyumbani, uisikilize utakapo."

"Nakala ya nini, kaka yangu? Humo anacheka kitu kimoja, kilekile, Jumamosi ileile. Mimi kila wiki nampa kipya."

Ndipo nilipoelewa. Sisi wengine tulikuwa tunasikia kicheko cha zamani. Yeye alikuwa anampelekea mama yake habari za siku.

Akakubali, kwa sababu hakutaka Mama Taulo afundishwe kuongea na mtu asiyemjua. Lakini kukubali na kuandika ni mambo mawili. Alitembea kati ya sinki na dirisha hadi nikadhani sakafu itaacha alama. Akisema sentensi, anasimama, anainamisha kichwa, halafu anakumbuka, anaifuta. Baba alikuja kumtembelea.

"Umekuwa mkimya siku hizi kuliko gazeti lilivyosema."

"Nyamaza, bwana. Najaribu kuandika watu wasiongojewa."

"Na wanasemaje?"

"Wanasema haraka haraka halafu wanaondoka. Kama wateja wa benki."

Hata hivyo aliandika. Aliondoa mapumziko yote, akaunganisha maneno na maneno, na karatasi zikaenda studio. Shule zilikuwa zimefungwa, na Baba alisema afadhali nikakae kwa Shangazi kuliko kumaliza sukari nyumbani, kwa hiyo nilikuwepo walipoanza kurekodi.

Dalali wa nyumba anaingia ukumbini na kumuuliza Mama Taulo atahamia wapi. Mama Taulo, taulo begani, anajibu: "Kwa mwanangu." Dalali anauliza anakuja lini kumchukua. "Mwanangu amesema atapiga simu."

Kwenye karatasi, dalali alipaswa kujibu papo hapo. Hakujibu. Msimamizi wa nyumba alipaswa kupita na ngazi begani. Hakupita. Wote walisimama kama saa iliyoishiwa betri, na Mama Taulo mwenyewe akaanza kukunja taulo lake taratibu, akiutazama mlango.

"Kata!" Mwongozaji alikuwa ameduwaa. "Mbona mmesimama?"

Wakatazamana. "Tunangoja," alisema msimamizi wa nyumba.

"Mnangoja nini?"

"Si... wacheke."

Hapo wakaangua kicheko wote, mafundi kwa waigizaji, wakipigana mabegani. Miaka yote hiyo sentensi ile imefuatwa na kicheko kikubwa na mkia wake, na miili yao ilikuwa imeshazoea. Ni Mama Taulo tu ambaye hakucheka. Alibaki na taulo mkononi, na uso wake ulikuwa umefanya kitu ambacho sikuwahi kukiona, kwa sababu kila mara kicheko kilikuwa kinakifunika. Nilikuwa nimeisikia sentensi ile mara nyingi mno. Siku ile ndipo niliposikia kwamba huyu mama mwanawe hampigii simu.

"Msiguse kitu," Bosi alisema kutoka nyuma ya kamera. "Rudieni. Ngojeni vilevile."

Siku chache baadaye tulikwenda chumba cha Masikio kuweka sauti. Ni chumba kisicho na dirisha, kuta zake zimevikwa sponji, na ukiongea humo maneno yako yanaanguka karibu na miguu yako. Masikio alikuwa na uso wa mtu aliyeficha zawadi.

"Keti, Dada. Usiseme kitu kwanza."

Alibonyeza. Na Bibi akacheka peke yake. Hapakuwa na umati mbele yake, wala viti, wala kikohozi. Masikio alikuwa ameutoa umati wote, sauti kwa sauti, akambakiza yeye tu. Pumzi ile ya uji wa moto, "hii, hii, hiii," na hata mlio mdogo wa kishikizo cha mkoba wake. Shangazi hakukaa, alishika tu mgongo wa kiti.

"Sasa sikiliza," Masikio alisema, na akageuza vitufe. Kicheko kikafifia, kikawa kizito kidogo, kama kinatoka chumba cha pili. "Nyumba ya wapangaji, sivyo? Hakuna nyumba ya wapangaji ambayo huwezi kusikia mtu akicheka upande wa pili wa ukuta. Si kicheko cha akiba hicho. Ni jirani. Bosi hawezi kusema neno. Na jirani huyo anaweza kuwepo kila wiki, Dada. Kila wiki."

"Uliifanya lini hii?"

"Acha maswali. Tazama."

Akaiendesha picha. Dalali anauliza. Mama Taulo anajibu, mwanangu amesema atapiga simu. Ukumbi unasimama. Taulo linakunjwa. Na nyuma ya ukuta wa kijani, polepole, kwa kuchelewa kwake kulekule, "hii, hii, hiii."

Ilikaa sawasawa. Kama alikuwa amepanga chumba humo tangu mwanzo. Nilimtazama Shangazi nikidhani nitamwona anatabasamu.

"Tena," alisema.

Masikio akarudisha. Shangazi hakuwa anasikiliza safari hii, alikuwa anautazama uso wa Mama Taulo.

"Anamcheka," alisema.

"Nani? Jirani anacheka mambo yake, Dada. Hajui hata..."

"Sisi ndio tunajua. Wao wataona mwanamke ameachwa na mwanawe, na mwanamke mwingine anacheka."

"Lakini sentensi hiyohiyo ameicheka miaka!"

"Miaka yote niliiandika ichekeshe. Hii sikuiandika ichekeshe. Mama hakuwa hivyo. Angesikia mtu ameumia, angeacha pasi iwake, angetoka."

Masikio alijaribu kupunguza sauti. Akajaribu kukisogeza mbele, kabla ya swali la dalali, lakini pale kilitangulia, na Bibi hajawahi kutangulia. Akakipeleka mwishoni, baada ya dalali kuondoka. Hapo ilikuwa mbaya zaidi. Shangazi alimwacha ajaribu kote. Mwishowe Masikio aliweka mikono mapajani.

"Nikimtoa hapa sina pengine pa kumweka. Kipindi chote hiki hakina kicheko kingine."

"Najua."

"Basi mtoe mwenyewe. Mimi mkono haunipeleki."

"Nabonyeza wapi?"

Akamwonyesha. Shangazi alivaa miwani yake, akasogeza kidole juu ya vile vitufe kama mtu anayetafuta jina kwenye orodha ya wagonjwa, akabonyeza. Kisha akaomba picha tena.

Mwanangu amesema atapiga simu. Ukumbi ukasimama. Taulo likakunjwa, kona kwa kona. Hakuna aliyecheka popote. Ndani ya kile chumba cha sponji kimya kile hakikuwa na ukuta wala mwisho, kilitanda tu juu yetu, na Mama Taulo akautazama mlango, na sisi tukautazama naye, mimi ninayejua kwamba nyuma yake kuna koti, hata mimi.

Bosi alikuwa ameingia katikati bila sisi kumsikia. "Pazuri," alinong'ona. Kisha, kwa ule upole wake, "Ila ni pakavu kidogo, Dada. Tungeweka muziki mwepesi? Filimbi hivi?"

"Hapana," Shangazi alisema. Alikuwa hajawahi kumkatalia jambo. "Paache hivyo. Pako sawa."

Bosi akatafuta pa kukaa, akakaa.

Masikio alikuwa amegeukia ukuta anafuta uso kwa mkono wa shati, akisingizia vumbi, kwenye chumba ambacho hufagiliwa kila asubuhi. Shangazi akamsukumia leso juu ya meza. Halafu akavuta kiti chake mbele, karibu kabisa na kioo.

"Haya," alisema, "tuone hiyo inayofuata."